Kikapu cha Monika: Habari za Kukua kwa Imani

Wakristo wengi hudhani ya kuwa imani hukamilika siku ya ubatizo, kama nyumba iliyokwisha kuezekwa, ambayo haina kazi tena ila kukaliwa. Watu wa Kanisa la kale hawakuona hivyo. Wao walijua ya kuwa imani ni kitu kilicho hai, nacho hukua. Nasi tukizisoma habari zao twaona ya kuwa hukua kwa njia tatu. Kwanza, mtu humtumaini Mungu hata kabla hajaelewa yote. Pili, nia yake hufanywa upya, akaanza kuyafikiri tena mambo aliyoyazoea tangu utoto. Tatu, hupewa busara ya kupambanua, yaani kujua lipi ni la kuacha, lipi ni la kushika, na lipi halina dhara likishikwa wala likiachwa.

Ni rahisi kuyataja mambo hayo matatu, bali ni vigumu kuyaona katika maisha ya mtu. Kwa hiyo twapenda kuyaeleza kwa habari za mama mmoja wa Afrika, na kikapu chake cha chakula, na mwanawe aliyekuwa askofu. Habari hizi si hadithi ya kubuni. Zimehifadhiwa katika vitabu na barua za mwanawe huyo.

Mama huyo aliitwa Monika. Alikaa Thagaste, mji mdogo wa bara katika Afrika ya Kaskazini, ambao siku hizi huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Zamani zile nchi hiyo ilikuwa chini ya dola ya Roma. Monika alilelewa katika nyumba ya Kikristo, lakini aliolewa na mtu asiye Mkristo, jina lake Patricius, ambaye alibatizwa mwisho wa maisha yake. Mwana wao Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354.

Sasa na tueleze desturi ya nchi ile. Warumi wa kale walikuwa na siku zao za kuwakumbuka wafu, tangu tarehe 13 hata tarehe 21 Februari kila mwaka. Siku hizo walikwenda makaburini na nafaka na chumvi, na mkate uliotiwa katika divai, wakawawekea wazazi wao waliokufa. Watu walipoingia katika Ukristo, wengi hawakuiacha desturi hiyo, ila waliigeuza. Walipeleka chakula na divai kwenye makaburi ya mashahidi wa imani, yaani Wakristo waliouawa kwa ajili ya Kristo, na kwenye makaburi ya ndugu zao, wakala na kunywa pale. Huko Tipasa, katika pwani ya Algeria, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta meza za mawe zilizojengwa katika makaburi ya Wakristo kwa ajili ya karamu hizo. Wengine walikula kwa kiasi na kwa heshima. Wengine walilewa hata wakagombana na kuimba nyimbo za aibu juu ya makaburi ya watakatifu.

Monika naye aliishika desturi ya kwao. Alikuwa akichukua kikapu chenye uji mzito wa nafaka, na mkate, na divai, akaenda makaburini siku za ukumbusho wa mashahidi. Lakini yeye hakwenda kulewa. Kikombe chake kilikuwa kimoja tu, tena kidogo, na divai yake aliichanganya na maji. Ikiwa makaburi ya kuzuru yalikuwa mengi siku ile, alikichukua kikombe kile kile toka kaburi moja hata jingine, mpaka divai ikawa maji maji na vuguvugu, naye akawagawia waliokuwapo wanywe kidogo kidogo. Mwanawe ashuhudia ya kuwa alichokitafuta mama yake ni ibada, si anasa.

Tuangalie vema neno hili, maana ndipo penye ugumu. Mlevi akikatazwa kunywa makaburini, kila mtu aona ya kuwa ni haki. Lakini mwanamke huyu hakuwa mlevi. Alikuwa mtu wa sala, aliyemlilia Mungu miaka mingi kwa ajili ya mwanawe, kwa kuwa Augustino alikuwa amejiunga na wafuasi wa Mani, watu wenye mafundisho ya uongo, akakaa nao miaka kama tisa. Je, mama kama huyo akikatazwa kitu alichokifanya kwa moyo safi, atafanyaje?

Mwaka 384 Augustino alikwenda Milano, katika Italia, kuwa mwalimu wa ufasaha wa maneno. Mwaka uliofuata Monika alivuka bahari akamfuata. Askofu wa Milano alikuwa Ambrosio, mtu mwenye elimu na ushujaa, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 374. Basi siku moja Monika alichukua kikapu chake, kama alivyozoea Afrika, akaenda kwenye makaburi ya watakatifu. Bawabu akamzuia mlangoni. Akamwambia ya kuwa askofu amekataza jambo hilo.

Monika alikuwa mgeni katika mji, tena mjane, na mtu mzima. Angaliweza kusema ya kuwa Wakristo wa kwao hufanya hivi tangu zamani, na ya kuwa bawabu ni nani hata amfundishe mama wa makamo yake namna ya kumwabudu Mungu. Hakusema hata moja katika hayo. Aliposikia ya kuwa amri ni ya askofu alikirudisha kikapu, akatii kwa upole. Mwanawe alistaajabu kuona jinsi mama yake alivyokuwa mwepesi kuilaumu desturi yake mwenyewe kuliko kuibishia amri.

Hili ndilo jambo la kwanza, yaani kutumaini. Wala tusidhani ya kuwa tumaini la namna hii ni upofu. Augustino, kwa kuwa alipenda kusema kweli, aliongeza ya kuwa labda mama yake hangalikubali upesi hivyo kama angalikatazwa na mtu mwingine asiyempenda kama alivyompenda Ambrosio. Monika alikuwa amekwisha kumsikia askofu akifundisha. Alikuwa amemwona mwanawe akianza kuacha uongo wa wafuasi wa Mani kwa kuyasikia mahubiri yake. Alimtumaini mchungaji kwa sababu aliona matunda ya kazi yake, na katika kumtumaini mchungaji alimtumaini Mungu aliyemtuma. Tumaini lake lilitangulia. Sababu zilifuata nyuma.

Na sababu zilikuwapo. Ambrosio alikataza kwa ajili ya mambo mawili. La kwanza, wasio na kiasi wasipate nafasi ya kulewa mahali patakatifu kwa kisingizio cha dini. La pili, karamu zile zilifanana mno na sikukuu za wafu za wasioamini. Monika hakulewa, lakini aliye mlevi alimwona mama mcha Mungu akipita na kikapu, naye akapata udhuru. Monika hakuwalisha wafu, lakini mpagani aliyekuwa akitazama hakuona tofauti baina ya kikapu hiki na kile cha nyumbani kwake.

Ndipo lilipokuja jambo la pili, nia kufanywa upya. Monika hakuacha kwenda kwenye makaburi ya mashahidi. Kama angaliacha kabisa, angalikuwa ametii kwa mikono tu, na moyo wake ungalibaki mtupu. Lakini alijiuliza kisa cha kwenda kwake: alikuwa akitafuta nini kule? Alitafuta kuwaheshimu watakatifu na kumkaribia Mungu. Basi tangu siku ile alikwenda na sala mahali pa kikapu, na chakula alichokuwa akikichukua makaburini aliwapa maskini kadiri ya uwezo wake. Desturi yake ya zamani haikung'olewa ikaacha shimo tupu. Ilipandwa kitu kingine mahali pake. Mkate ulikwenda kwa wenye njaa, ambao wana vinywa vya kuula.

Jambo la tatu ni kupambanua, nalo twaliona katika habari nyingine ya mama huyo huyo. Katika mji wa Roma Wakristo walikuwa wakifunga siku ya Jumamosi, Milano hawakufunga. Monika akafadhaika, hakujua afuate lipi. Augustino wakati ule hakujali sana mambo kama hayo, lakini kwa ajili ya mama yake alikwenda kumwuliza Ambrosio. Askofu alimjibu ya kuwa yeye mwenyewe akiwa Roma hufunga Jumamosi, akiwa Milano hafungi. Naye alimshauri kila mtu afuate desturi ya kanisa la mahali alipo, ili asikwaze wala asikwazwe. Miaka mingi baadaye, kama mwaka 400, Augustino aliyaeleza hayo katika barua yake kwa mtu mmoja jina lake Januarius, akasema ya kuwa kila alipolifikiri shauri lile aliliheshimu zaidi.

Tazameni basi, askofu ni yule yule, na mama ni yule yule. Katika neno la kikapu askofu alisema hapana. Katika neno la kufunga alisema fuata watu wa mahali ulipo. Kwa nini? Kwa sababu kufunga Jumamosi au kutofunga hakumwondoi mtu kwa Kristo, wala hakumfananishi na mwenye kuabudu kitu kingine. Bali karamu ya makaburini iliwavuta wengi kwenda kulewa, tena iliwarudisha katika njia waliyoikana walipobatizwa. Mtu asiyepambanua huyaweka yote katika kapu moja: ama hukataza kila kilicho cha zamani, ama hushika kila kilicho cha zamani. Wote wawili hawajatumia akili waliyopewa na Mungu.

Sala za Monika zilijibiwa. Mwaka 386 Augustino alimgeukia Mungu kwa moyo wote, akiwa katika bustani huko Milano, alipousoma Waraka wa Paulo kwa Warumi. Katika usiku wa Pasaka wa mwaka 387 alibatizwa na Ambrosio, pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius. Baadaye walishika njia kurudi Afrika, wakafika Ostia, bandari ya Roma, kungoja chombo. Huko Monika akashikwa na homa.

Tangu zamani mama huyu alikuwa akijishughulisha sana na habari za kaburi lake. Alikuwa ameliweka tayari karibu na kaburi la mumewe, naye alitamani watu waseme ya kuwa, ingawa alivuka bahari, alirudi akalala pamoja naye katika udongo mmoja. Mwanawe mwingine, Navigius, aliyajua hayo, ndiyo maana alisema ni heri afie kwao, asifie ugenini. Monika akamtazama kwa jicho la kumwonya. Akawaagiza wanawe wauzike mwili wake mahali po pote, wasijisumbue kwa ajili yake; aliwaomba neno moja tu, ya kuwa wamkumbuke mbele ya altare ya Bwana po pote watakapokuwapo. Akafa siku ya tisa ya ugonjwa wake, naye alikuwa katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Twaona hapo jinsi imani ilivyokua. Mwanamke aliyeanza kwa kupeleka uji na divai makaburini alimaliza bila kulihangaikia hata kaburi lake mwenyewe. Hakufika hapo kwa siku moja. Kile kikapu kilichorudishwa mlangoni kilikuwa hatua moja katika njia hiyo.

Augustino alirudi Afrika mwaka 388. Mwaka 391 alifanywa kasisi katika mji wa Hippo, ambao leo huitwa Annaba. Huko alikuta karamu zile zile za makaburini, tena zimeingia hata ndani ya makanisa. Mwaka 392 alimwandikia Aurelius, Askofu wa Karthago, akimwomba auondoe ubaya huo. Lakini tuangalie aliomba uondolewe kwa njia gani. Alisema ya kuwa mambo ya namna hii hayaondolewi kwa ukali, wala kwa amri za kutisha. Huondolewa kwa kufundisha kuliko kuamuru, na kwa kuonya kuliko kuogofya. Tena aliukumbuka uchungu wa watu. Alijua ya kuwa mtu akiambiwa aache matoleo ya makaburini aweza kuona kana kwamba ameambiwa awasahau wazazi wake. Kwa hiyo alishauri matoleo kwa ajili ya wafu yasiwe ya gharama kubwa, yagawiwe bila kiburi kwa ye yote atakayeomba, na kama mtu atataka kutoa fedha, wapewe maskini papo hapo. Kwa njia hiyo watu hawataonekana kuwaacha wafu wao. Bila shaka alipoandika maneno hayo hakukisahau kikapu cha mama yake.

Mwaka 393 maaskofu wa Afrika walikutana Hippo, nao walikataza karamu ndani ya makanisa. Hata hivyo amri peke yake haikutosha. Mwaka 395 ilikaribia sikukuu ya Leontius, aliyekuwa askofu wa Hippo zamani. Watu waliiita sikukuu hiyo Furaha, nao walizoea kula na kunywa kanisani siku ile. Augustino alihubiri juu ya jambo hilo, na habari zikaenea mjini, watu wakanung'unika. Siku moja kabla ya sikukuu alisimama mbele ya mkutano mkubwa. Alisoma habari za Bwana wetu alipowafukuza wafanya biashara hekaluni, na habari za Waisraeli walipokula na kunywa mbele ya ndama ya dhahabu. Watu wakaanza kulia, naye hakuweza kuyazuia machozi yake.

Lakini asubuhi ya sikukuu wengine walikuwa bado wananung'unika. Waliuliza: Kwa nini sasa? Je, wale waliotutangulia, ambao hawakukataza, hawakuwa Wakristo? Augustino alifadhaika sana, akafikiri kuwasomea maneno makali ya nabii Ezekieli juu ya mlinzi, kisha akung'ute mavazi yake aondoke. Kabla hajapanda mimbarini, wanung'unikaji wale wale wakamjia. Akawapokea kwa upole, wakasemezana maneno machache, wakakubali. Ndipo alipoyaacha maneno makali, akawajibu watu wote swali lao. Aliwaeleza ya kuwa mateso ya Wakristo yalipokwisha, wapagani wengi mno walitaka kuingia Kanisani, lakini walizuiliwa na mapenzi yao ya karamu za miungu. Wazee wa Kanisa wakauvumilia udhaifu wao kwa muda, wakawaacha wafanye karamu kwa heshima ya mashahidi, wakitumaini ya kuwa watakapokuwa watu wazima katika imani wataziacha. Sasa, alisema, wakati huo umefika.

Jibu hilo lilikuwa la hekima. Hakuwatukana waliotangulia, wala hakuwafanya wapumbavu walio hai. Aliwaambia ya kuwa lililovumiliwa kwa mtoto mchanga halimfai aliyekwisha kukua.

Alasiri ile watu walikuja kanisani wengi kuliko asubuhi. Mahali pa vyakula walisoma Maandiko na kuimba zaburi. Karibu nao lilikuwako kanisa la Wadonatisti, Wakristo waliojitenga, nao walikuwa wakiendelea na karamu yao, hata kelele zao zikasikika. Kundi la Augustino lilikaa likiimba hata giza likaingia.

Katika uzee wake, kama mwaka 421, Augustino aliandika kitabu kidogo juu ya kuwatunza wafu. Alifundisha ya kuwa mazishi ya heshima ni wajibu mwema, lakini fahari ya kaburi ni faraja ya walio hai kuliko msaada wa waliokufa. Linalowafaa wafu ni sala, na sadaka ya altareni, na sadaka wapewazo maskini. Wala hakukubali ya kuwa wafu huja kwa mapenzi yao kutuamrisha katika ndoto. Akamtaja mama yake kuwa mfano: kama wangekuwa na uwezo huo, mama aliyemfuata nchi kavu na baharini hangekosa kumjia kila usiku. Aliandika hivyo kwa upendo, wala hakuona aibu.

Wapenzi wasomaji, hakuna kijiji cha Wakristo kisicho na kikapu chake. Penye msiba, au arusi, au kuzaliwa mtoto, yako mambo tuliyoyapokea kwa wazee, na vijana hutuuliza kama yafaa au hayafai. Tusiwajibu kwa haraka. Na tujiulize kwanza: jambo hili lamweka nani mahali pa Mungu, kama yuko amwekaye? Ndugu yangu aliye dhaifu akiniona nikilifanya, atasaidiwa au atakwazwa? Na nikiliacha, nitaweka nini mahali pake, ili upendo uliokuwa ndani yake usipotee? Aulizaye hivi kwa sala, pamoja na wachungaji wake na ndugu zake, hataachwa gizani. Na sisi waalimu na wazee wa kanisa tukumbuke ya kuwa Augustino alikuwa na maneno makali tayari asubuhi ile, lakini hakuyasoma.

Monika alizikwa Ostia, mbali na Thagaste, kama alivyokubali. Mwaka 1945 kilionekana huko kipande cha jiwe lililokuwa juu ya kaburi lake, chenye maandishi ya kumheshimu yeye na mwanawe. Kaburi aliloliweka tayari kwao hakulitumia.